Kulala Kwenye Hoteli ya Nyumba ya Mawe Lamu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuomba Chumba Hadi Kuondoka

Kila msimu malalamiko ni yale yale. Mtu amelipia chumba cha bei ghali Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, usiku tatu, na usiku wa kwanza hakupata usingizi: joto, mbu, punda, adhana. Asubuhi mama yake anashindwa na ngazi. Saa saba mchana anaagiza samaki wa kupaka, samaki anafika saa kumi. Siku ya pili familia inahama kwa hasira na pesa hazirudi.

Mara nyingi nyumba haikuwa na kosa. Chumba ndicho hakikuwafaa, na hakuna aliyewaambia kwamba kwenye hoteli ya vyumba vitano hadi kumi, karibu kila kitu huombwa nusu siku kabla. Mpishi hana friji kubwa iliyojaa nyama. Boti haikai gatini ikikungoja. Ukijua mwendo wa nyumba utastarehe kama walivyostarehe wenyewe waliozijenga.

Mwongozo huu ni wa nyumba za kale zilizokarabatiwa zikawa hoteli ndogo za kifahari ndani ya mji wa Lamu, hasa upande wa Mkomani na vichochoro vya nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ukienda Shela, kijiji cha jirani kisiwani humo, mengi ni hayo hayo, ila kuna mchanga zaidi na kelele kidogo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti yenyewe. Picha iliyo kwenye simu haitoshi, hasa ukija kwa barabara.
- Begi laini la kubebeka begani. Ndege ndogo nyingi zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, huweka kikomo cha kilo 15, na vichochoro vya Lamu vina mawe, mitaro na vidato. Sanduku la magurudumu litakusumbua kuanzia gatini.
- Champali zenye soli inayoshika. Ngazi za chokaa zikilowa huteleza.
- Tochi ndogo, na betri ya akiba ya simu.
- Leso au kikoi, viwili kwa kila mtu.
- Dawa ya mbu ya kupaka, na vibanio vinne vya nguo. Kazi ya vibanio iko Hatua ya 8.
- Chupa ya lita moja ya kujazia maji.
- Noti ndogo: za 50, 100 na 200. Hamali na nahodha hawana chenji ya elfu.
- Dawa zako zote za kila siku. Hospitali ya King Fahd ipo mjini na maduka ya dawa yapo, lakini dawa maalumu ya presha au sukari huenda usiipate siku unayoitaka.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kufuata upepo

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Jua ni kali na usiku una joto, lakini ndio wakati wageni wengi huja, basi chumba kiombwe miezi miwili mitatu mapema. Kusi ikishika, Julai hadi Septemba, kuna baridi kidogo na upepo wa nguvu, na usingizi ni mtamu zaidi. Kwa mgeni asiyezoea joto la pwani, huu ndio wakati wake.

Aprili hadi Juni ni mvua kubwa. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa wakati huu ili kurekebisha makuti na kupaka chokaa upya. Ukiona bei imeshuka sana mwezi wa Mei, uliza kama kuna mafundi ndani ya nyumba.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), hujaza mji mpaka barazani. Ni wakati mzuri kuliko yote kwa anayetaka kuiona Lamu ikiwa imechangamka, na ni wakati mbaya kwa anayetaka kimya. Ramadhani mchana mji umetulia na mikahawa imefunga. Hoteli yako itakupikia, lakini ule ukiwa ndani, si roshanini mbele ya watu waliofunga.

## Hatua ya 2: Omba chumba unachokitaka, kwa maneno yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole.

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake zikifika karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki urefu fulani. Ndiyo sababu vyumba vya kale vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hata nyumba iwe ya tajiri kiasi gani. Ukiambiwa "chumba kikubwa", elewa kwamba ni kirefu. Kitanda cha tatu cha mtoto hakitaingia ubavuni mwa kitanda chenu. Kitawekwa mbele yake, kichwa kwa miguu, au hakitaingia kabisa. Uliza kabla.

Kuta hizo nene hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha hulitoa usiku. Chumba cha ndani ambacho saa saba mchana ni baridi kama mtungi, saa nne usiku kinaweza kuwa kizito. Wenye nyumba walilijua hilo. Walipumzika mchana ndani, na usiku wakatafuta penye upepo.

Kwa hiyo:

Chini, karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Hakuna ngazi nyingi, mchana kuna ubaridi. Lakini mwanga ni hafifu, unyevu upo, na mbu ni wengi kuliko juu. Kinafaa wazee na mwenye goti bovu. Huyo usimpandishe juu kwa sababu ya picha nzuri.

Ghorofa ya kati. Hapa ndipo penye uzuri wa nyumba: misana mirefu (kumbi ndefu nyembamba), vidaka (vishimo vya kuwekea vitu) ukutani, nakshi za chokaa. Uliza kama madirisha ni ya pande mbili. Dirisha moja halileti upepo, linaleta joto la nje.

Juu, chini ya makuti. Upepo wa bahari unapita moja kwa moja na usingizi ni bora. Gharama yake ni ngazi 40 au zaidi, zilizo kali kama za mnarani, sauti zote za mji, na mvua inayorushwa na upepo. Kuta za pembeni huwa fupi. Mwenye mtoto wa chini ya miaka saba asilale huku, na aulize pia uwazi wa kiwanda umezungushiwa nini.

Kuhusu kiyoyozi: nyumba yenye madirisha ya mbao yasiyo na vioo haishiki baridi, na chumba cha chokaa kikizibwa kote huota unyevu. Feni nzuri juu ya kitanda, ndani ya fremu ya chandarua, inashinda kiyoyozi dhaifu. Ukikitaka lazima, uliza kama chumba kina vioo, na kama jenereta inakibeba umeme ukikatika.

Tuma ujumbe wa namna hii:

"Asalaam aleikum. Naomba chumba cha watu wawili, usiku tatu, kuanzia tarehe 9. Mama yangu ana goti, hawezi zaidi ya ngazi 15. Naomba kujua: chumba kiko ghorofa ya ngapi, madirisha yanatazama wapi, feni iko juu ya kitanda au ukutani, msikiti wa karibu uko upande gani, na umeme ukikatika feni inafanya kazi? Naomba video fupi ya chumba chenyewe, kuanzia mlango wa barabarani."

Hilo la mwisho usiliache. Video inayoanza mlangoni inaonyesha ngazi, upana na giza, mambo ambayo picha huyaficha. Ukijibiwa swali moja moja na chumba kikatajwa kwa jina lake, umefaulu. Jibu likiwa "vyumba vyote ni vizuri", tafuta nyumba nyingine.

## Hatua ya 3: Lipa amana kwa njia inayoacha alama

Nusu ya bei ni kawaida kwa msimu wa wageni wengi. Lipa kwa namba ya biashara, na usome jina ambalo M-Pesa inakuonyesha kabla ya kuidhinisha. Jina likiwa la mtu binafsi, piga simu kwanza. Madalali wanaochukua picha za nyumba za watu na kuomba pesa wapo.

Omba risiti iandikwe vitu vinne: jina la chumba, tarehe, kama kifungua kinywa na boti ya kuvushwa vimo kwenye bei, na masharti ya kurudishiwa pesa.

## Hatua ya 4: Fika kabla ya magharibi

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda. Kutoka ndegeni unatembea dakika chache hadi gatini, kisha unavuka kwa boti dakika kumi hivi. Mwambie mwenye hoteli namba ya ndege na saa, naye atume boti; gatini utawakuta vijana wengi wenye nia njema na bei tofauti, na ukijua nani anakungoja huna haja ya kubishana.

Ukija kwa barabara, basi linapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Kuna vituo vya ukaguzi, ndiyo sababu mabasi huondoka mapema na kitambulisho kinatakiwa mkononi. Panda basi la alfajiri kutoka Mombasa au Malindi. Kutoka Mokowe boti ya abiria huchukua karibu nusu saa. Vaa jaketi la kuokoa maisha na ulifunge. Ukipewa bovu, omba jingine kabla boti haijang'oa.

Jambo ambalo halisemwi: angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua, na maji hupwa karibu mita tatu. Ngazi za gati ambazo maji yamezitoka zina ukungu wa kijani, na mtu mzima huanguka hapo kirahisi. Ukifika wakati maji yamekupwa, toa viatu vya ngozi, mpe nahodha mkono, na begi litangulie. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hayana taabu hiyo.

Hamali mpatane bei kabla hajanyanyua mzigo. Mji hauna magari ya kukupeleka mlangoni. Mzigo huenda kichwani, kwa mkokoteni au kwa punda. Uliza hoteli bei ya haki siku moja kabla.

## Hatua ya 5: Ingia kama mgeni wa nyumba

Mlangoni kuna daka, ukumbi mdogo wa kuingilia, lenye baraza pande mbili. Ukikuta wazee wamekaa, salimu kwanza: "Asalaam aleikum", au "Masalkheri" ikiwa jioni. Salamu hiyo moja itakufaa wiki nzima, kwa maana hao ndio watakaokuelekeza ukipotea.

Mlango wa kuchonga una pande mbili, na katikati kuna mfaa, ule ubao wa wima unaofunika ufa. Upande usio na mfaa ndio hufunguka kwanza, na ndio hufungwa mwisho. Ukiulazimisha ule mwingine utavunja nakshi ya thamani kubwa. Inua mguu, kizingiti ni kirefu, na hapo vidole vingi huumia. Viatu huvuliwa kabla ya mikeka.

Kabla ya kufungua begi, kaa chumbani dakika tano. Washa feni, fungua bomba, tazama chandarua, bonyeza kila swichi. Kasoro ikionekana saa kumi jioni, fundi anapatikana. Saa tatu usiku, mpaka kesho.

## Hatua ya 6: Agiza chakula asubuhi

Mwite mpishi baada ya chai ya asubuhi na mpatane chakula cha mchana na cha usiku pamoja. Mwisho uwe saa tatu. Baada ya hapo samaki wazuri wameshauzwa.

Uliza "leo wavuvi wameleta nini?" kabla ya kutaja unachokitaka. Changu, tewa, kolekole, nguru, pweza: kila siku na riziki yake, na siku bahari imechafuka hakuna kitu. Samaki mzima wa kilo moja hutosha watu wawili hadi watatu. Wa kupaka huchomwa kwa makaa polepole huku akipakwa tui zito, na nazi hukunwa kwa mbuzi siku ile ile, kwa hiyo saa mbili za kungoja ni za haki. Mpishi akikwambia dakika ishirini, atakupa wa kukaanga.

Mboga nyingi huvuka kutoka bara. Boti ikichelewa, kachumbari huwa vitunguu na ndimu. Kwa kifungua kinywa omba mahamri na mbaazi za nazi usiku uliotangulia, kwa sababu unga lazima uumuke. Mkate wa mofa pia huagizwa mapema. Mwenye mzio wa kamba au karanga amwambie mpishi mwenyewe, ana kwa ana. Ujumbe wa kupitia kwa mtu wa tatu hupotea njiani.

Utajua umefaulu pale mpishi atakapokuja mwenyewe kukuonyesha samaki kabla hajampara.

## Hatua ya 7: Maji na choo

Maji ya Lamu hutoka kwenye visima vya chini ya vilima vya mchanga wa Shela. Hayana wingi, na yana chumvichumvi, ndiyo sababu sabuni haitoi povu. Oga kwa muda mfupi. Ya kunywa ni yale ya hoteli yaliyosafishwa. Jaza chupa yako hapo.

Hoteli hupandisha maji kwenye tangi la juu kwa pampu. Umeme ukikatika muda mrefu, tangi huisha. Maji ya moto mengi ni ya jua, hivyo saa moja jioni ni moto na saa kumi na mbili asubuhi ni vuguvugu. Anayetaka ya moto asubuhi aombe ndoo tangu usiku.

Nyumba nyingine zimetunza birika la kale msalani, yaani tangi la maji la kujengwa, na ndani yake utaona samaki wadogo. Wako kazini: wanakula viluwiluwi vya mbu. Chota kwa kata, simama mbali na birika, jimwagie. Usiingize mkono wenye sabuni wala usioshee nguo humo. Samaki wakifa, mbu watazaliwa chumbani kwako.

## Hatua ya 8: Usiku

Teremsha chandarua kabla ya magharibi, mbu hawajaingia. Usimngoje mhudumu.

1. Ingia ndani ya chandarua na tochi, umulike kila upande kuanzia juu. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama linatosha kupitisha mbu. Lifunge kwa fundo au kibanio.
2. Ingiza chandarua chini ya godoro pande tatu, uvute hadi kikaze. Kikilegea kitakugusa, na mbu huuma kupitia kitambaa.
3. Upande wa nne ndio mlango wako. Nguo zinapopishana, bana kwa vibanio vitatu: juu, katikati, chini.
4. Vitanda vya kale viko juu sana. Weka tochi chini ya mto na champali mahali pamoja kila siku, usije ukashuka gizani ukakanyaga hewa.
5. Feni iwashwe kabla hujalala. Upepo humchosha mbu, na pia hukausha jasho.

Chumba cha makuti usiwashe humo dawa ya mbu ya kuchoma wala mshumaa. Makuti hushika moto kwa cheche moja, na kwenye vichochoro hivi moto huvuka nyumba hadi nyumba.

Chumba kikiwa bado na joto saa nne, fungua madirisha ya pande zote mbili na mlango wa msana, kisha lowesha leso, ikamue, uitandike juu yako. Njia hii ni ya kale na inafanya kazi.

Adhana ya alfajiri husikika kabla ya jua hata kuonekana, kwa mji wenye misikiti zaidi ya 20 iliyosongamana, na haipunguzwi kwa ajili ya mgeni. Wala isiombwe ipunguzwe. Lala saa tatu au nne, amka nayo, panda juu ya dari utazame bahari ikipata rangi, kisha ulale tena baada ya chakula cha mchana kama wafanyavyo wenyeji. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba kinachotazama kiwanda badala ya kichochoro. Tofauti ni kubwa.

## Hatua ya 9: Kutoka na kurudi bila kupotea

Nyumba hazina namba unazoweza kuzitegemea. Shika alama tatu: msikiti ulio karibu, duka la kona, na umbali kutoka Usita wa Mui. Ukipotea, tazama mtaro wa maji machafu. Mji umeinama kuelekea baharini, na mitaro hufuata mwinamo huo. Fuata maji yanakoteremkia, utatokea pwani, kisha anza upya.

Punda akija na mzigo, egemea ukuta na umpishe, yeye hakupishi. Mabega na mapaja yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Usimpige mtu picha bila ruhusa, hasa wanawake na watoto. Ijumaa maduka hufungwa kwa ajili ya sala ya mchana, hivyo mahitaji yako yanunue kabla ya saa sita.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Funga hesabu usiku wa mwisho. Mwenye vitabu huenda hayupo alfajiri, na mashine ya kadi ikikosa mtandao utakosa ndege. Kwa bili kubwa kumbuka kwamba M-Pesa haivuki shilingi 250,000 kwa muamala mmoja.

Bakshishi iulizie sanduku la pamoja. Anayefua mashuka na anayepandisha maji hutawaona, nao ndio wamekulaza vizuri. Shilingi 300 hadi 500 kwa chumba kwa usiku ni kiasi cha heshima.

Kwa ndege, shuka gatini saa moja na nusu kabla ya kuruka. Kwa basi la alfajiri, nahodha aagizwe jioni, kwa jina, na upewe namba yake ya simu.

Mwisho, kabla ya kuinua begi, pitisha tochi ndani ya kila kidaka ukutani, mpaka nyuma kabisa. Vidaka vina kina na kiza, na ndimo chaja, miwani na pete husahaulika.